Godoro Chini: Mwaka Wangu wa Kulala Sakafuni Japani

Tangu nirudi kutoka Japani, maswali ninayoulizwa hapa chuoni ni yale yale matatu. Ulikula samaki mbichi? Treni zao kweli hazichelewi? La tatu huja kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anavyoulizia ugonjwa: eti ni kweli mlikuwa mnalala chini?

Ni kweli. Nilikaa miezi 11 Kumamoto, mji ulioko kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Muda wote huo nililala sakafuni. Hela ya kitanda haikuwa tatizo. Vitanda vya mtumba vilikuwepo madukani kwa bei ninayoiweza, na wageni wenzangu kadhaa walinunua. Mimi nilichagua futon, na nikiambiwa nirudi leo nitaichagua tena. Ila siandiki hapa kumshawishi mtu auze kitanda chake. Naandika kwa sababu kulala chini kule na kulala chini huku ni vitu viwili, na nimeanza kusikia watu wanavichanganya. Kuchanganya huko kuna watu kunawaumiza, tena humu humu kwenye mabweni yetu.

Tuanze na chumba chenyewe. Nilipangishiwa chumba cha mikeka sita. Ndivyo wanavyovipima vyumba vya kijapani, kwa idadi ya tatami, ile mikeka minene inayotandazwa ukuta hadi ukuta. Tatami moja ina urefu wa kama sentimita 180 na upana wa 90, ingawa hutofautiana kidogo kutoka eneo moja hadi jingine. Sisi tunaulizana kitanda ni nne kwa sita au tano kwa sita, wao wanaulizana chumba kina mikeka mingapi. Mikeka sita ni kama mita 10 za mraba. Ukiingiza humo kitanda cha tano kwa sita, kimeshameza zaidi ya robo ya chumba, na miguu yake inaacha mashimo kwenye tatami ambayo mwenye nyumba atakudai siku ya kuhama.

Futon yenyewe ni nini? Wengine mnaijua kama lile sofa lenye fremu ya mbao linalokunjuliwa likawa kitanda. Hilo ni la Marekani, wamechukua jina tu. Futon ya Japani ni seti ya matandiko: godoro jembamba la kulalia, ambalo unaweza kulikunja mara tatu na kulibeba mwenyewe, kisha shuka, kisha mfarishi mnene wa kujifunika, na mto. Asubuhi unakunja kila kitu, unaingiza kwenye kabati la ukutani lenye milango ya kusukuma pembeni, linaloitwa oshiire. Ukishafunga ule mlango, chumba cha kulala kimekwisha. Unavuta meza fupi katikati na chumba kimekuwa cha kusomea. Wageni wakija ni sebule. Usiku unarudisha meza ukutani na kutandika upya.

Mama mwenye nyumba, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, alikuja siku ya pili kunifundisha. Hakujua Kiingereza, na Kijapani changu kilikuwa cha salamu na namba, kwa hiyo alifundisha kwa mikono. Alikunja, akakunjua, akaninyooshea mikono nifanye mimi. Halafu akanipeleka kwenye kibaraza, akatundika godoro kwenye reli, akalibana kwa vibanio vikubwa kama viganja vya mtu mzima, akaonyesha jua. Kila siku ya jua, toa nje. Hilo halikuwa ombi.

Sababu niliielewa baadaye. Mtu akilala anatoa jasho na mvuke usiku kucha, na unyevu ule unashuka kwenye godoro. Kitanda kina nafasi chini yake, hewa inapita. Godoro lililolazwa moja kwa moja juu ya sakafu halina pa kutolea unyevu. Usipoliinua, ukungu unaanza upande wa chini, usioonekana. Mwezi wa sita hadi katikati ya wa saba kule ni msimu wa mvua, wanauita tsuyu, na joto lake na unyevu wake ungedhani uko Tanga wakati wa masika. Jirani yangu, Mjerumani, alikuwa analiacha godoro lake chini mchana na usiku. Siku alipoliinua, upande wa chini ulikuwa na madoa meusi kama ramani. Akanunua chaga. Ndiyo, chaga, zile zile tunazoweka kwenye vitanda vyetu, ila kule zinaunganishwa zikawa kama jamvi la mbao, unaziweka sakafuni na godoro juu yake. Wanaziita sunoko.

Kwa matandiko yasiyokunjwa wana hata neno lake: mannendoko, yaani malazi ya miaka elfu kumi. Ni neno la kumsema mtu mvivu, hasa mwanafunzi wa kiume anayeishi peke yake. Nilicheka sana nilipolisikia, maana nilikumbuka mageto ya rafiki zangu wa Changanyikeni. Godoro chini, limetandikwa siku ya kuhamia, na litakunjwa siku dalali akileta mpangaji mwingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unajiandaa kwenda kusoma Japani na unajiuliza ununue nini, maoni yangu ni haya. Futon inafaa kama chumba ni kidogo, unakaa mwaka mmoja au miwili, na una nidhamu ya kuinua na kuanika. Siku ya kuondoka unaifunga kamba na kumwachia mwanafunzi mwingine. Kitanda ukishindwa kumgawia mtu, kinahesabika kuwa taka kubwa. Unaweka miadi na manispaa, unanunua stika ya malipo na kuibandika, ndipo gari linakuja kukichukua. Yaani unalipa kukinunua, unalipa tena kukitupa. Lakini kama una matatizo ya magoti au mgongo, nunua kitanda bila aibu. Kunyanyuka kutoka sakafuni kila asubuhi si mchezo, na Wajapani wengi siku hizi, wazee kwa vijana, wanalala vitandani. Wiki mbili za kwanza nyonga zitauma. Ongeza godoro la pili jembamba juu yake, na baridi ikianza Desemba ongeza blanketi chini yako kabla ya kuongeza la juu, kwa sababu baridi ya usiku inapanda kutoka sakafuni.

Hayo ndiyo niliyotarajia kuyaandika nikiwa kule. Kisha mama akapiga simu.

Ilikuwa saa nne usiku kwangu, saa kumi jioni kwao Pangani. Alipiga kwa video. Nilikuwa nimeshatandika, nimelala kifudifudi nasoma. Mama akaangalia, akanyamaza, akasogeza uso kwenye simu.

"Mwanangu, mbona uko chini? Kwani kumefiwa huko?"

Kwetu pwani hilo si swali la utani. Panapotokea msiba, ndugu wa marehemu hulala chini, kwenye mikeka na magodoro, mpaka matanga yaanuliwe. Mtu mzima mwenye afya, mwenye kitanda, akionekana kalala chini, kuna jambo. Nikamwambia hapana mama, huku ndivyo wanavyolala. Akasema: "Nilikutoa chini mimi. Leo Wajapani wanakurudisha?"

Niwaeleze alichomaanisha. Mimi na wadogo zangu wawili tulilala kwenye mkeka mpaka nilipofika darasa la pili. Mama alikuwa anauza vitumbua na kucheza mchezo na wanawake wenzake kumi. Zamu yake ilipofika hakununua vitenge wala vyombo. Alimwendea fundi seremala akatoa oda ya kitanda cha tano kwa sita, na godoro akalikopa kwa Mpemba wa dukani, akalilipa kidogo kidogo. Kabla ya hapo chumbani kulikuwa na teremka tukaze moja tu, ile ya kamba, aliyolala bibi. Siku kitanda kilipoingia, majirani walikuja kukiangalia. Kwa hiyo mtoto wake wa kwanza kufika chuo kikuu, wa kwanza kupanda ndege, kuonekana sakafuni kwenye nchi ya watu matajiri, kulimchanganya. Kulikuwa kama mtu kafuta kile kitanda.

Nikageuza kamera nimwonyeshe chumba. Hapo mama akaanza kuuliza, na maswali yake ndiyo yaliyonifungua akili.

"Viatu mnaingia navyo?"

Hapana mama, vinaachwa mlangoni. Hata ndala za ndani hazikanyagi tatami.

"Sakafu ya udongo au saruji?"

Ni mikeka, na chini yake mbao. Nyumba imenyanyuliwa kutoka ardhini.

"Mvua ikinyesha maji yanaingia?"

Hayaingii.

"Wadudu?"

Sijaona.

"Mchana unaliweka wapi?"

Nikamfungulia oshiire. Akaliangalia lile kabati kwa muda, akasema, "Haya. Basi hujalala chini."

Nililala nikiifikiria sentensi hiyo. Mama hakuwahi kuukimbia mkeka. Bibi yangu alisuka mikeka ya ukindu maisha yake yote. Alikata ukindu, akauanika, akautia rangi, akasuka ukili mrefu ndipo akaushona. Mkeka wake haukukanyagwa kwa kiatu. Uliamkiwa asubuhi, ukakung'utwa, ukaanikwa juani, ukakunjwa na kusimamishwa pembeni ya ukuta. Ukilinganisha na aliyonifundisha yule bibi wa Kumamoto, sheria ni zile zile. Hata tatami ni mkeka tu, ila mnene. Juu imefumwa kwa majani ya igusa, na za zamani zimeshindiliwa mabua makavu ya mpunga ndani. Sehemu kubwa ya igusa inayolimwa Japani inatoka Yatsushiro, humo humo mkoani Kumamoto. Tulipita huko mwezi wa sita. Mashamba yamesimama kwenye maji kama ya mpunga, na harufu ikikaribia mavuno ni ya majani mabichi. Neno futon nalo, kwenye herufi zake za asili, limebeba jina la mmea wa majini kama matete, kwa sababu mwanzoni lilitaja kitu cha kukalia kilichosukwa kwa majani hayo.

Alichokimbia mama ni sakafu yenyewe. Vumbi la udongo kwenye pua za watoto. Siafu. Maji ya masika yanayoingia kwa chini ya mlango saa nane usiku, watu wanaamka na kubeba mkeka kichwani. Kitanda kwake kilikuwa nusu mita ya umbali kati ya watoto wake na vitu hivyo. Wajapani wanaolala chini wamejengewa ule umbali tayari, ndani ya nyumba. Sakafu iliyoinuliwa ni kitanda, kile chumba kizima ni kitanda, na ndiyo maana hawapandi juu yake na viatu.

Kama kuna anayebisha, aangalie kilichotokea huko huko Kumamoto. Aprili 2016 mji ulipigwa na matetemeko mawili makubwa, tarehe 14 usiku na tarehe 16 saa saba na dakika kadhaa usiku, hili la pili likiwa na ukubwa wa 7.3. Ngome yao maarufu ilibomoka sehemu nyingi. Zaidi ya watu 180,000 walikimbilia kwenye makazi ya dharura, wengi wao kumbi za michezo za shule, na wengine wengi walilala ndani ya magari kwa hofu ya kurudi majumbani. Watu hawa wamelala chini vizazi na vizazi. Ungedhani kulala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo kwao ni jambo dogo. Haikuwa hivyo. Sakafu ile ilikuwa ngumu na ya baridi. Vumbi lilikuwa usawa wa pua, watu walipita karibu na vichwa vya waliolala, wazee hawakuweza kunyanyuka kwenda chooni, na kukaa bila kujongea kulileta hatari ya damu kuganda miguuni, hasa kwa waliolala kwenye magari. Unajua walileta nini? Vitanda. Vitanda vya maboksi magumu, vinavyounganishwa kwa dakika chache bila msumari. Vilikuwa vimeshatumika baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011, na baadaye aina nyingine ya vitanda vya maboksi walilalia wanamichezo wa Olimpiki ya Tokyo. Nchi ya futon, ilipoona watu wake wako sakafuni bila tatami, bila kabati, bila jua la kuanikia, iliwainua.

Sasa nirudi nyumbani. Wiki chache baada ya kufungua chuo nilihudhuria kikao cha mabweni. Ajenda ilikuwa kubebana. Kwa mwaka wa kwanza asiyejua: mwenye chumba anakuwa na jina kwenye orodha, na anayebebwa hana jina, ila ana godoro la inchi tatu analolivuta kutoka chini ya dabo deka usiku na kulirudisha kabla mlezi hajapita. Chumba cha wanne kinalaza saba. Dada mmoja wa mwaka wa pili alisimama akaeleza hali ilivyo. Wakati huo mmoja wa wazungumzaji wa meza kuu akatania: "Lakini hata Wajapani wanalala chini, na wameendelea!" Watu wakacheka. Wengine wakanigeukia mimi, shahidi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na sakafu ni hivyo hivyo.

Rafiki yangu mmoja wa karibu, tunasoma naye ualimu, alibebwa mwaka wa kwanza mzima. Godoro lake lilikaa kati ya dabo deka mbili, kwenye njia ya kwenda mlangoni. Aliyeamka usiku alimruka. Chandarua hakikuwa na pa kufungwa, maana misumari yote iko juu ya vitanda, kwa hiyo alilala kwa kujifunika kanga usoni, na kwa muhula mmoja malaria ilimpata mara mbili. Godoro halikuwahi kuona jua, kwa sababu kulianika ni kujitangaza. Asubuhi alilisukuma uvunguni likiwa bado na jasho. Saa mbili kamili yuko darasani kwenye kipindi cha saikolojia ya elimu, anafundishwa jinsi usingizi unavyosaidia kumbukumbu, naye anasinzia. Mwaka ujao huyu atakuwa mwalimu wa mtu. Bumu lake halitoshi kupanga chumba mtaani, na kurudi kwao kila siku haiwezekani, kwao ni Kigoma.

Mwambie huyo kwamba Wajapani wanalala chini.

Nilitembelea kituo kimoja cha watoto wadogo kule Kumamoto kama sehemu ya masomo. Mchana watoto wanalala, kila mmoja na kifutoni chake kilichoandikwa jina, na Ijumaa wazazi wanavibeba nyumbani kufuliwa na kuanikwa. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa na godoro lenye jina lake, mahali palipotengwa kwa ajili ya godoro hilo, na mtu mzima anayejua hali yake. Huko ndiko kulala chini ninakokujua mimi. Kuna mahali pako pa usiku, pa kuweka matandiko mchana, na hakuna wa kumficha.

Sidai chuo kijenge mabweni kufikia Jumatatu. Najua bajeti, na najua bila kubebana nusu ya watu ninaowapenda hapa wangeshaacha masomo. Ninachoomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke kwenye menejimenti ni vitu vinne, na vyote ni rahisi kuliko jengo. Wa kwanza, wanaobebwa wahesabiwe bila kuadhibiwa, wala wao wala waliowabeba, ili tujue tunazungumzia watu wangapi. Wa pili, fundi wetu wa karakana atengeneze chaga za kulaza sakafuni, godoro lipate hewa. Mbao za kazi hiyo si nyingi. Wa tatu, zipigwe ndoano za chandarua usawa wa mtu aliyelala chini. Wa nne, Jumamosi asubuhi iwe ruhusa kuanika magodoro yote uani, ya wenye majina na ya wasio na majina, bila mtu kuulizwa hili ni la nani.

Mikutano ya wawakilishi wa mabweni inaanza wiki ya tatu ya muhula. Nimeshaandika jina langu kwenye orodha ya wazungumzaji, na rafiki yangu ameandika lake. Wenye magodoro chini ya vitanda, njooni.